Pafu pestri ya friza: nawajibu watu wa Kigoma mnaoniuliza kila siku

Haya jamani, shikamooni wakubwa zangu, wa rika langu habari za huko. Leo siweki maneno mengi ya kukaribishana maana komenti zimenizidi, nikiposti video yoyote, hata ile ya theluji, hata ile niliyokuwa nasukwa nywele, chini yake lazima mtu aandike "dada ule unga wa friza unaoumuka wenyewe unaupikaje?" na mwingine anamjibu hapo hapo "mwache huyo, anatuonyesha anavyokula." Nimeona nijibu mara moja yaishe. Oveni nimeshaiwasha, inapata moto huku naongea.

Nianze na bei kwa sababu maneno yote yanatokea hapo. Karatasi moja ya pafu pestri ya gramu 320, ile iliyokwisha kusukumwa, ya chapa ya duka lenyewe siyo ya jina kubwa, hapa Leeds, Uingereza, mimi huwa naipata chini ya pauni mbili. Najua mtu wa Mwanga au Gungu huko Kigoma anazidisha haraka haraka anaona elfu sita na kitu, anashika kichwa, elfu sita kwa unga! Ndugu yangu, ukizidisha bei ya unga uzidishe na kodi ya nyumba ninayolipa, na umeme, na umeme wenyewe hapa kwangu ni mita ya kulipia kabla, kama LUKU, ikiisha inazima, haijui uko ughaibuni. Mara nyingi nanunua jioni zile zilizobandikwa stika ya njano, zinakaribia tarehe, bei imeshushwa, nafika nyumbani natupia friza siku hiyo hiyo. Mimi nasafisha ofisi za watu kuanzia saa kumi alfajiri. Nikirudi nimechoka sina nguvu ya kukanda chochote. Huu kwangu ni unga wa mtu aliyechoka mwenye hela kidogo.

Sasa upishi. Toa friza weka friji usiku, asubuhi iko tayari. Ukisahau, iache mezani kama dakika 40 hivi, lakini isifike kulegea ikang'aa mafuta, hapo umeshaiharibu. Mtu ameniuliza kwa nini inaumuka wakati haina hamira, na swali ni zuri. Unga ule una tabaka za donge na tabaka za mafuta, donge mafuta donge mafuta, nyembamba sana. Ukiingia kwenye oveni yenye moto, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke, mvuke unasukuma juu, na mafuta yanazuia tabaka zisishikane. Basi. Ndiyo maana mafuta yakiyeyuka kabla ya kuoka donge linayanywa, unapata kitu kizito kama sahani. Na ndiyo maana oveni lazima iwe imeshapata moto, nyuzi 200, ukiwa na ile ya feni 180, na dakika 15 za mwanzo usifungue mlango kuchungulia. Kata kwa kisu kikali, ukikata kwa kisu butu unazibana pembeni hazipandi. Yai la kupaka juu lisichuruzike kwenye kingo, linagandisha tabaka, utaona upande mmoja umepanda upande mwingine umelala.

Kosa nililolifanya mwaka mzima ni kujaza nyama ya moto. Naona mchuzi wa jana umebaki nautia humo na rojo lake, chini panabaki bichi, nikawa nalaumu oveni. Cha kujaza kiwe kimepoa kabisa na kikavu. Maharage ya jana yachemshe tena mpaka yakauke, yaponde kidogo, tia kitunguu na pilipili. Viazi na binzari. Kabeji ya kukaanga ikamuliwe maji. Chochote kilichobaki, yaani hapo ndipo pesa inapookolewa, siyo kwenye unga.

Na jambo jingine la pesa, hili sikufundishwa na mtu. Usifunike chini na juu. Weka mchuzi mzito uliopoa kwenye bakuli la kuokea, pafu pestri iwe kifuniko tu, toboa katikati mvuke utoke, dakika 25 hadi 30. Karatasi moja tunakula watu watatu na kesho yake mwanangu anabeba shule. Ukitaka vipande kama sambusa kata sita, kunja, bana kingo kwa uma. Vingine weka friza vikiwa vibichi, siku ukivitaka unaoka hivyo hivyo vikiwa vimeganda, unaongeza dakika kama tano mpaka kumi. Mabaki ya unga usiyafinyange kuwa donge, yapange moja juu ya jingine ndiyo usukume, nyunyiza sukari na mdalasini, sokota, oka. Waislamu wenzangu mlio huku someni lebo, nyingi ni mafuta ya mimea, na hizo ndizo za bei rahisi kuliko za siagi tupu, lakini soma, usibahatishe.

Sasa niseme la moyoni maana nimelibeba muda.

Mwaka ule nilikuwa naongeza kibali cha kukaa. Kibali cha mwenza ni miaka miwili na nusu, na ada ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, kwa hiyo unalipa pauni 2,587.50 kwa mkupuo siku unayotuma maombi, hiyo ni zaidi ya milioni 8 za kwetu, na ada ya maombi yenyewe iko pembeni bado. Halafu cheti changu cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na pasipoti. Herufi moja! Nikaambiwa nilete kiapo cha mwanasheria, kaka yangu akazunguka mjini Kigoma wiki mbili, mara muhuri haukuonekana vizuri, mara skani imekatwa pembeni. Miezi ile tulikula vifuniko vya pafu pestri na maharage mpaka mwanangu akauliza kama duka limefunga nyama.

Maombi yakiwa yamo ndani, bibi yangu akafariki Ujiji. Na sheria ya hapa, ukitoka nje ya nchi kabla hujajibiwa, maombi yanahesabika umeyaondoa mwenyewe, na ada ya maombi ile... Sikwenda. Bibi aliyenilea. Siku ya pili ya msiba ikatoka video niliyoirekodi wiki mbili nyuma na kuipangia tarehe, ilikuwa ya vipande vya pafu pestri nimevikata maua. Nilisahau kabisa kama ipo. Ndugu yangu wa damu akaandika hapo chini mbele ya watu, "bibi yuko kaburini wewe unapika mikate ya maua." Sikumjibu. Nilizima simu nikakaa kwenye ngazi. Leo namjibu kwa sababu kila akitokea mtu akaniambia najionyesha mimi huwa nasikia sauti yake yeye: ndugu yangu, sikuwa nasherehekea. Nilikuwa nangojea karatasi.

Haya. Wengine mnauliza huko nyumbani tufanyeje, haipatikani, na ikipatikana umeme unakatika. Mimi nasema kwa upande wangu tu, kila mtu na jiko lake, usije ukapoteza unga kilo mbili ukanitafuta. Kutengeneza ya kweli unakunja mara tatu tatu, unarudia mara sita, tabaka zinafika 729, na kila ukikunja unapumzisha penye baridi. Kwa joto la Kigoma bila friji mimi nisingejaribu. Lakini nyinyi tayari mna chapati za tabaka! Unavyosukuma, unapaka mafuta, unaviringisha, unazungusha kama konokono, unaacha ipumzike, ni ujuzi ule ule wa kutenganisha donge kwa mafuta. Tumia Blue Band badala ya mafuta ya maji, fanya alfajiri kabla hakujapata joto, sukuma nyembamba, jaza, panga kwenye sufuria, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, kama mnavyooka keki. Haitapanda kama hii yangu. Itakuwa na tabaka, itakuwa tamu.

Hizi zilizomo ndani leo nimejaza dagaa. Nimechambua, nimekaanga na kitunguu na nyanya mpaka pakakauka, na mawese kijiko kimoja tu maana yakizidi unga unalowa. Dagaa nimenunua duka la Waafrika, mawese yao ni ya Afrika Magharibi, yanafaa, lakini mtu aliyenunua dagaa mwaloni Kibirizi wakiwa wamekauka jua la asubuhi hiyo hawezi kudanganywa. Ngoja niwaonyeshe... hii hapa, sikilizeni inavyolia nikiivunja. Chini pakavu kabisa, ona.

La mwisho ni la shangazi yangu wa Ujiji aliyeuliza kama nikija nitambebea karatasi mbili tatu. Shangazi, shikamoo. Hazifiki. Zitayeyuka njiani na zikishayeyuka huzigandishi tena. Kibali kimetoka, nauli ndiyo naikusanya. Nitakuja na trei na karatasi za kuokea, unga tutausukuma hapo hapo uani kwako, alfajiri. Wewe niwekee dagaa tu.