Utupe Leo: Riziki, Viazi na Sala Tuliyoikariri Utotoni

FIDELIS: Karibu msikilizaji. Leo tunarekodi tukiwa Mbeya mjini, mvua imenyesha tangu alfajiri na baridi si ya mchezo. Dada Atu, shikamoo.

ATUPELE: Marahaba, mdogo wangu. Nanyi mnaotusikiliza, hamjambo? Wa kwetu Rungwe, ugonile.

FIDELIS: Na wa kwetu Iringa, kamwene. Dada, wiki hii nilikuwa msibani, maeneo ya Uyole. Unajua misiba yetu ilivyo: Wamoravian, Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste, wote turubai moja. Mchungaji akasema tusali pamoja Sala ya Bwana. Tukaenda vizuri, sauti moja, mpaka "utupe leo". Hapo tukagawanyika. Sisi Wakatoliki "mkate wetu wa kila siku", wenzetu "riziki yetu". Wao wakamaliza mapema, wakatusubiri.

ATUPELE: Kila msiba! Nami siku zote huwa nafurahi kusikia hivyo. Sisi tumeishika kama ilivyo kwenye Mathayo sita: "Utupe leo riziki yetu." Maneno manne tu. Ila nikwambie ukweli, nimeyasema tangu nina miaka mitano, na nimekuja kuyasikia nikiwa na arobaini na mbili.

FIDELIS: Kwa sababu ya viazi.

ATUPELE: Kwa sababu ya viazi, ndiyo. Tulikuwa na shamba kule Isongole. Mwaka ule niliweka kila kitu pale: akiba yangu, mkopo wa kikoba, mbolea, vibarua wa palizi. Mwezi wa pili viazi vilikuwa vimefunika matuta, maua meupe, ukipita barabarani unasimama kuangalia. Halafu ikaja ile hali unayoijua wewe, ukungu asubuhi, manyunyu mchana, jua hakuna, siku nne, siku tano. Nikafunua jani moja, chini yake kuna weupe kama unga umepulizwa, ndio ugonjwa wa ukungu wenyewe. Baada ya siku tatu shamba zima limeungua, kama mtu amepita akimwaga maji ya moto. Na ile harufu, Fide. Viazi vikiozea ardhini vina harufu inayokufuata mpaka nyumbani, inakaa kwenye kanga.

FIDELIS: Uliomba?

ATUPELE: Nilifunga siku tatu. Nililala kifudifudi pale tutani, tope mpaka usoni. Nikamwambia, Kyala, Mungu wangu, wewe ndiwe uliyetupa, jina langu lenyewe Atupele, "ametupa", na sasa unachukua? Ugonjwa haukurudi nyuma. Nataka msikilizaji asikie hilo. Niliomba kwa moyo wote na shamba likafa.

FIDELIS: Kuna watu wangekwambia hukuwa na imani.

ATUPELE: Niliambiwa! Nilikwenda kwenye maombi mahali fulani, nisipataje. Mtumishi akaniambia mbele ya watu kwamba shamba limekufa kwa sababu sikupanda mbegu. Mbegu yenyewe bahasha, ndiyo iwekwe madhabahuni. Mtu ametoka kuzika shamba, unamwambia deni lake kwa Mungu halijalipwa. Nilitoka pale nikashindwa kuomba kabisa. Miezi kama miwili hivi.

FIDELIS: Neno hilo "mbegu" linaniuma kwa namna yangu. Kwetu kijijini, si mbali na Tosamaganga, mama alikuwa anatundika mahindi ya mbegu juu ya moto jikoni. Anachagua mahindi makubwa siku ya mavuno, anakunja maganda nyuma, anayafunga mawili mawili, moshi unayakausha yasibunguliwe. Yanakuwa meusi kwa masizi, ila ukimenya punje moja, ndani nyeupe pee. Sasa kuna mwaka mavuno yalikuwa mabaya. Ikafika Novemba, kihenge kitupu, mvua haijaja, tunashinda na uji usio na kitu. Sisi watoto tunalala jikoni tunaangalia juu. Chakula kinaning'inia pale, tunakiona!

ATUPELE: Na hakugusa.

FIDELIS: Hakugusa. Kaka yangu alimwomba, akalia. Mama akamwambia, "Ile si yetu, ile ni ya mvua." Mvua ilichelewa mpaka Desemba imeshakolea. Na kabla haijanyesha hata tone, alishusha yale mahindi akaenda kupanda kwenye vumbi. Nilimfuata. Anachimba kishimo, anadondosha punje mbili, anafukia kwa mguu, midomo inacheza anasali. Mimi nikitaka kujua kumtegemea Mungu kunafananaje, naona ule mguu wa mama unafukia mahindi kwenye vumbi na nyumbani hakuna unga.

ATUPELE: Ee Bwana.

FIDELIS: Siku hizi tunanunua mbegu chotara kila msimu, ukirudia ya mwaka jana haizai vizuri, kwa hiyo watoto wetu hawataona yale mahindi darini. Inanisikitisha kidogo. Lakini tuendelee. Ulisema ulishindwa kuomba.

ATUPELE: Nilishindwa. Kilichobaki ni mazoea. Sisi Wamoravian tuna maandiko ya kila siku, kila asubuhi neno la siku ile. Ni desturi ya zamani mno, ilianzia kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kijitabu cha kwanza kikachapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu wa desturi hiyo. Baba alitusomea kabla ya kwenda shambani, nami nikaendelea kuwasomea wanangu, hata wakati moyo umekauka. Nasoma, halafu tunasali Sala ya Bwana, basi, watoto waende shule. Sasa asubuhi moja mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, kwa nini tunaomba ya leo tu? Kwa nini tusiombe ya mwaka mzima, tupumzike?"

FIDELIS: Swali la kitoto lakini zito.

ATUPELE: Nilikaa chini, sufuria mkononi. Kwa sababu mimi ndicho nilichokuwa naomba! Naomba msimu. Naomba magunia mia, naomba ada ya miaka mitatu mbele, naomba nifike mahali nisihitaji kuomba tena. Na Yesu ametufundisha "leo". Nikajiuliza, leo tumekosa nini? Watoto walikunywa chai. Jana walikula ugali na mboga za figiri kutoka bustani ya jirani. Juzi vilevile. Miezi miwili ile niliyosema Mungu amenyamaza, hatukulala njaa hata usiku mmoja, na sikuwa nimeona.

FIDELIS: Ni kama mana jangwani. Kutoka kumi na sita. Waliambiwa waokote ya siku moja, waliobakiza mpaka asubuhi ikaota mabuu ikanuka.

ATUPELE: Ikanuka, ndiyo. Harufu hiyo naijua. Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonirudisha kanisani kweli. "Utupe." Si "unipe". Yetu, si yangu. Zile mboga za figiri zilikuwa majibu ya sala ya jirani na yangu kwa pamoja. Mimi nilikuwa namtafuta Mungu mawinguni na yeye anapita kwenye ua wa nyuma na fungu la mboga.

FIDELIS: Nikupinge kidogo, dada. Mtu anaweza kusikia "leo" akasema basi, hakuna haja ya kuweka akiba, hakuna haja ya dawa. Nimeona wagonjwa wanaacha vidonge eti wanamtegemea Mungu.

ATUPELE: Hapana, na asante kwa kuuliza. Ukweli wangu ni huu: mwaka ule dawa ya ukungu nilichelewa kupiga. Ile fedha niliitoa kwenye mambo mengine nikasema Mungu atalinda. Ukungu ule ukishaonekana umeshachelewa, dawa inapigwa kabla, ukiona hali ya hewa imekaa vile. Jirani aliyepiga mapema alivuna. Mungu alimpa yeye mvua ileile na baridi ileile. Mama yako alisali, lakini kishimo alichimba. Mwenye vidonge ameze vidonge, asali na glasi ya maji mkononi.

FIDELIS: Simulia ile ya mavuno, tafadhali. Sijawahi kuichoka.

ATUPELE: Sikukuu ya mavuno mwezi wa saba. Watu wanaleta mahindi, ndizi za Tukuyu, kuku, maparachichi, mtu mwingine na mbuzi. Mimi nilikuwa na bakuli la viazi vidogo kama gololi, ndivyo vilivyosalia kwenye kona moja ya shamba. Niliona haya, nikaficha chini ya kitenge mpaka madhabahuni. Baada ya ibada kuna mnada, unajua tunavyonadi kwa shangwe. Bakuli langu likainuliwa. Kukawa kimya. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa siku nyingi, akapanda bei. Mwingine akapanda juu yake. Wakashindana wale wazee wawili kwa bakuli la viazi visivyotosha mlo mmoja, kanisa likaanza kupiga vigelegele, mimi nalia. Yule aliyeshinda akanirudishia bakuli mkononi.

FIDELIS: Akasema ukapande?

ATUPELE: Kila mtu alidhani hivyo! Akaniambia, "Hivi usipande, vimetoka shamba lenye ugonjwa, utauhamisha. Hivi kawapikie watoto leo. Kesho pita kwangu na gunia." Nikapita. Akanipimia debe tatu za mbegu safi, zimechipua vizuri, vichipukizi vifupi vinene. Nikamuuliza nitalipaje. Akasema nikivuna nimpe mwingine debe tatu.

FIDELIS: Na umempa?

ATUPELE: Msimu uliopita. Kijana mmoja ndiyo kwanza ameoa, anaanza shamba lake. Ndaga fijo, asante sana, akasema, akabeba kwenye baiskeli.

FIDELIS: Na mvua hii ya leo, dada? Siku ya tatu sasa bila jua.

ATUPELE: Nimepiga dawa Jumanne. Tukimaliza hapa napanda gari niende Isongole nikafunue majani.

FIDELIS: Basi tusali, uwahi gari. Anza wewe, mimi nitafuata. Tukifika pale, wewe sema riziki, mimi nitasema mkate.

ATUPELE: Nitakusubiri. Baba yetu uliye mbinguni...