Kipindi cha Fundi Nyundo

SALIM: Karibuni tena. Leo ni kutoa dizeli kwenye boti ndogo na kuweka umeme. Tumepanga mambo matatu: betri, propela, chaja. Ila Zuhura kaja na plasta kidoleni.

ZUHURA: Cheka tu. Juzi nakagua boti ya mita 6, mota ya kilowati 3, volti 48. Imetembea nusu saa, nikagusa lagi ya chanya, kile kichwa cha shaba kinachobanwa mwishoni mwa waya, pale kwenye kontrola, kidhibiti cha mota.

SALIM: Ilibanwa na nini?

ZUHURA: Nyundo.

SALIM: Ahaa, Fundi Nyundo! Kila gati lina wake.

ZUHURA: Na waya wenyewe hauna kosa: milimita 35 za mraba, shaba iliyopakwa bati. Kilowati 3 kwa volti 48 ni ampea 60 na ushee. Mita 8 za kwenda na kurudi zinapoteza kama robo volti tu. Lakini kiungo kikiwa na ukinzani wa miliomu 10, hapo una wati 36 zinazochoma kitu chenye ukubwa wa kidole gumba.

SALIM: Nyundo inalaza lagi, haibani. Nyuzi zinaachana, chumvi inapenya, shaba inaota kijani, ukinzani unapanda.

ZUHURA: Kisha joto linalegeza bolti, nayo bolti iliyolegea inaongeza joto.

SALIM: Basi wape utaratibu, halafu twende kwenye betri.

ZUHURA: Menya waya urefu wa shingo ya lagi, ongeza milimita 1 au 2. Lagi iwe ya waya huohuo, 35 kwa 35. Bana kwa mashine ya haidroliki yenye meno ya pembe sita, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Malizia kwa mpira unaosinyaa, ule wenye gundi ndani.

SALIM: Na washa, ile pete ya chuma ya kwenye bolti?

ZUHURA: Washa juu ya lagi, kamwe si chini yake! Lagi ilale moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, ifuate washa, washa ya springi, nati. Ukiweka chuma katikati, umeme wote unapita kwenye chuma.

SALIM: Fundi Nyundo anaweka mbili, chini na juu, apate usawa.

ZUHURA: Kupima sasa. Funga boti gatini, pandisha mota hadi ampea 60. Weka mita kwenye milivolti, ncha moja kwenye shaba ya waya, nyingine kwenye nguzo. Kiungo kizuri hakifiki 10. Ukipima joto kwa kipimajoto cha mwanga, bandika kwanza utepe mweusi, maana chuma kinachong'aa kinakudanganya kuwa kimepoa.

SALIM: Betri. Mimi nasema nne za lithiamu, volti 12.8, ampea-saa 100, zifungwe mfululizo volti zijumlike hadi 51.2. Kila moja kama kilo 12, unabeba mwenyewe, unazigawa mbele na nyuma boti ikae sawa.

ZUHURA: Nami nasema moja ya volti 51.2. Kila betri yako ina kilinzi chake, saketi ya ndani inayokata umeme kukiwa na hatari, nacho kinaona seli zake nne tu. Ya kwanza kukata inabeba volti za mfululizo mzima. Kama swichi yake haikuundwa kwa hilo, inaungua.

SALIM: Ndiyo maana unanunua zile ambazo mtengenezaji anaruhusu nne mfululizo, na kila moja unaijaza peke yake kabla ya kuziunga.

ZUHURA: Baada ya muda chaji zinapishana tena. Isitoshe umeniongezea nyaya tatu za kuunganishia. Hizo ni lagi sita zaidi.

SALIM: Lagi sita zilizobanwa vizuri.

ZUHURA: Na nani? Nyundo?

SALIM: Hiyo yako ya kilo 45 nani ataiinua kutoka chini ya kiti? Yangu ikifa moja nabadilisha robo.

ZUHURA: Uweke mpya kando ya tatu zilizochoka, zivutane.

SALIM: Dada, watu hawana winchi.

ZUHURA: Kaka, wana majirani.

SALIM: Naambiwa tuna dakika moja. Propela hatujaigusa, wala chaja.

ZUHURA: Fyuzi angalau! Daraja T, karibu kabisa na nguzo ya chanya. Lithiamu ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea, na fyuzi za kawaida zinaweza kushindwa kuukata umeme huo.

SALIM: Hapo sina ubishi. Propela wiki ijayo.

ZUHURA: Na betri?

SALIM: Betri tumemaliza. Nne.

ZUHURA: Hatujamaliza.