Nililipa ili nikafanye kazi ya bure msituni: nisikilizeni

Jambo yenu wote wa Bukavu, wa Kadutu, wa Ibanda, wa Bagira, na ninyi mliotawanyika kama mimi. Tangu niweke zile picha za Peru, nilikojitolea kuotesha miche ya miti, swali ni lile lile: "Dada, wamekulipa ngapi kule msituni?" Wengine wananiandikia kwa hasira kwamba najionyesha wakati huko nyumbani benki zilifungwa Februari 2025. Nimeyasoma yote. Najibu leo.

Sikulipwa. Nililipa mimi. Euro 980 kwa wiki tatu, kitanda chenye chandarua na chakula. Tiketi ya Brussels mpaka Lima, halafu Puerto Maldonado, euro 1,240 juu yake. Pesa hiyo niliiweka kidogo kidogo kwa miaka miwili, nikilaza na kuogesha wazee zamu za usiku hapa Liège. Hakuna mtoto wa kwetu aliyefukuzwa shule kwa ajili ya safari yangu. Wadogo zangu wanajua.

Makaratasi ndiyo yaliyoniliza. Wenzangu sita wa kujitolea wana pasipoti ya Ubelgiji, hawakuombwa viza. Mimi na pasipoti yetu ya Kongo: barua ya mwajiri, karatasi za benki za miezi mitatu, tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko. Napeleka, watu wa viza wananiambia pasipoti imebakiza miezi mitano na wao wanataka sita. Hadi nipate mpya, tarehe yangu ya kwanza ya safari ilikuwa imepita, na euro 150 za kushika nafasi hazikurudi. Karatasi moja tu haikubishiwa na mtu: kadi ya njano ya chanjo niliyochanjiwa Bukavu. Siku hizi inatambuliwa maisha yote, kwa hiyo msiitupe.

Hatimaye tumefika, msimamizi mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mpishi mpya. Mbele ya wenzangu. Sikumjibu, na mpaka leo inaniuma.

Kazi yenyewe sasa. Mkoa ule wa Madre de Dios una dhahabu. Wachimbaji walikata miti, wakageuza udongo, wakachanganya zebaki, wakabakiza mchanga mweupe na madimbwi. Mwaka 2019 serikali ilipeleka wanajeshi na polisi kuwatoa mahali panapoitwa La Pampa. Mtu wa Kamituga, kwetu kwenye machimbo ya dhahabu, angepatambua pale bila kuelezwa. Sisi tulikuwa kwenye kitalu: kujaza udongo kwenye mifuko, kumwagilia, kubeba miche mgongoni kwenye joto ambalo Bukavu hatulijui.

Kuna mti nimeupenda sana, wenyewe wanauita castaña. Unafika mita 50. Tunda lake ni gumu kama nazi, na anayeweza kulitafuna mpaka mbegu zitoke ni mnyama mdogo anayefanana na simbilisi. Anakula nyingine, nyingine anazifukia na kuzisahau, na hapo ndipo mche unapoota. Maua yake yanahitaji nyuki wakubwa wa msituni. Ukikata msitu ukauacha mti huo peke yake, utasimama bila kuzaa.

Haya yote alitufundisha mzee wa kabila la Ese Eja, ndani ya msitu wa mababu zake. Kila mti aliuita kwa jina. Mimi nikawafikiria Wambuti wetu, Batwa wa Kabare na Kalehe, waliotolewa kwenye msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Nimekulia Bagira, kama kilomita 30 kutoka Tshivanga, lango la hifadhi hiyo, na sijawahi kuingia kule hata siku moja. Lakini makala, yaani makaa, ya kupikia sombe yalitoka huko, na nyumbani tulijua.

Sasa wanaouliza kama nao waende: siwezi kusema ndiyo wala hapana. Mimi sina mtoto, nina kazi ya mkataba, na mwili wangu ulivumilia. Wewe hesabu yako ni nyingine. Ila kabla ya kutuma hata senti moja, uliza kwa maandishi pesa yako inalipa nini, na wenyeji wa pale wanapata ngapi. Mimi sikuuliza mapema.

Nami nina swali. Nani kati yenu ana babu au bibi aliyezaliwa ndani ya Kahuzi kabla ya 1970? Muulizeni jina la mti mmoja, na kazi yake. Niandikieni kama anavyolitamka yeye.