Vijiwe vya vifaranga: lini uwape, na uchague vipi

Sogea karibu uone. Hii niliyoshika ni firigisi ya mtetea tuliyemchinja jana, hapa hapa nyumbani Kibaha. Naipasua katikati. Haya, ukiondoa chenga za mahindi, umeona kilichobaki? Mawe. Hakuna mtu aliyemlisha, ameyadonoa mwenyewe uani. Kuku hana meno. Akimeza, chakula kinakaa kwanza kwenye gole, pale chini ya shingo, kinalowa. Kinapita kwenye tumbo dogo lenye asidi, kisha kinaingia humu. Msuli huu mnene unajikaza na kulegea, unajikaza na kulegea, na mawe haya ndiyo yanayosaga.

Basi aliye na vifaranga kwenye bruda, yaani chumba chenye joto cha kulelea vifaranga, juu ya simenti, ananiuliza: na hawa wangu watayatoa wapi? Kabla hujachota mchanga, chungulia kwanza kwenye chombo chao cha chakula.

Kama wanakula stata tupu, yaani chakula cha kuanzia vifaranga, ile iliyosagwa tayari, vijiwe hawavihitaji. Unga ule unalainika kwa maji na asidi ya tumbo, hakuna cha kusaga. Waache. Kama wamelelewa na mama yao na wanatoka naye nje, waache pia, mama atawaonyesha pa kuchakura. Vijiwe vinahitajika pale unapoanza kuwapa kitu kingine juu ya stata: mchicha, majani, chenga za mahindi, mtama, uwele. Hapo firigisi ina kazi, na haina kifaa.

Mimi majani naanza kuwaonjesha wakiwa na wiki moja hivi, na vijiwe natanguliza siku moja kabla. Usibadilishe mpangilio huo, kijiwe kwanza, jani baadaye. Na siku tatu za mwanzo usiwape kabisa. Kifaranga wa siku moja hajui chakula ni kipi, anadonoa chochote kilicho mbele yake. Kundi langu la kwanza niliwawekea sahani ya mchanga siku ya pili, nikiona najua sana. Wakajaza gole mchanga. Ukiwatazama wameshiba, gole limevimba vizuri, kumbe njaa inawamaliza. Nilizika watano kabla sijaelewa. Tangu hapo natandika magunia juu ya maranda siku hizo za mwanzo, chakula nakimwaga juu yake, kiwe ndicho kitu pekee kinachodonoleka.

Sasa tuje kwenye mawe yenyewe, maana wengi hukosea hapa. Nina vikombe viwili mbele yangu. Hiki kina chenga za kokoto zilizoletwa kutoka Lugoba. Hiki cha pili ni chenga kutoka machimbo ya Kunduchi, kule Dar. Kwa macho yote ni mawe. Nachukua siki ya kawaida ya jikoni, namwagia kidogo kila kikombe. Leta kamera hapa. Cha Lugoba kimya. Cha Kunduchi unaona kinavyotoa povu? Hilo ni jiwe la matumbawe, chokaa tupu, ndugu yake yule anayechimbwa hapo jirani Wazo kutengenezea simenti. Jiwe linalochemka kwenye siki litayeyuka pia kwenye tumbo la kuku. Halitasaga kitu, na badala yake litamwagia kifaranga kalsiamu asiyoihitaji.

Kalsiamu hiyo si jambo dogo. Chakula cha vifaranga kina kalsiamu ya kama asilimia 1. Cha kuku wanaotaga kinafika asilimia 3.5 mpaka 4, kwa sababu kila yai linataka ganda. Ukimpa kifaranga kiwango cha mama, figo zake zinaharibika. Kwa hiyo makombe ya baharini yaliyosagwa, maganda ya mayai, chokaa ya mifugo, vyote hivyo weka kando mpaka mitetea ifike umri wa kutaga. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kuku wote", toka na chupa yako ya siki. Huna siki? Kamulia ndimu.

Na hili ni kwa wenzangu wa pwani na visiwani: ule mchanga mweupe wa ufukweni usiwape. Una chumvi, na weupe wake mwingi ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Chotea mchanga mkubwa wa mto, au tafuta chenga za mawe ya bara. Nyie wa Mwanza na Dodoma hamna shida, mawe magumu mmeyakalia. Mchanga uliokwisha kulazwa karibu na simenti pale kwa fundi, huo pia hapana.

Tuandae. Chukua kipande cha wavu wa mbu, ule wa dirishani, ukikaze juu ya ndoo. Mwaga chenga zako, chekecha. Vumbi linaanguka chini, hilo tupa, halisagi kitu. Zilizobaki juu ya wavu ndizo tunazozichambua. Kwa wiki za kwanza nataka saizi ya punje ya ulezi, milimita 1 mpaka 2. Kubwa kuliko hapo ondoa, weka kwenye kopo jingine, hazipotei. Wakishafika miezi miwili utawapa za saizi ya punje ya mtama, na kuku wakubwa wanapokea mpaka nusu ya punje ya mahindi. Ukipata zenye kona kona ni bora kuliko zilizoviringika, zinasaga vizuri zaidi. Ila kioo kilichosagwa, tafadhali, mtu asikudanganye.

Osha mara tatu, nne, mpaka maji yatoke meupe. Kisha zikaange kwenye sufuria kavu, moto wa kawaida, ukikoroga kama unayekaanga karanga. Mchanga wa mto umepitiwa na ndege na kuku wa watu, na hatutaki kuingiza ugonjwa wa kuhara damu bandani. Zikishakauka na kupata moto wote, ipua. Acha zipoe kabisa. Gusa kwa mkono kwanza.

Kuwapa ni kazi ndogo. Siku ya kwanza ya vijiwe, nanyunyiza juu ya stata kijiko kimoja cha chai kwa vifaranga ishirini na tano, mara moja tu. Wanadonoa, wanajifunza. Kuanzia siku inayofuata naweka kwenye kifuniko cha kopo, mbali na chakula na mbali na maji, kidogo tu. Sichanganyi tena na chakula, kwa sababu nikichanganya nawalazimisha, na kuku akiachiwa anajua mwenyewe anachotaka. Mawe magumu hukaa kwenye firigisi siku nyingi, kwa hiyo usishangae kifuniko kikikaa bila kuguswa. Ukiona wamejazana pale wanagombania kama chakula, kitoe, kisha angalia kama chombo cha stata si kitupu.

Siku hiyo hiyo ya pili leta mchicha. Ukate mdogo mdogo kama wa kachumbari. Majani marefu ya nyasi yanajisokota ndani ya gole, na hapo hata vijiwe havisaidii, kwa sababu havikai huko juu.

Kitu cha kukagua ni gole lenyewe. Jioni mshike kifaranga, pitisha kidole hapa chini ya shingo, kulia kidogo. Gole lililojaa na laini ni sawa. Alfajiri, kabla hujawawekea chakula, mshike tena. Linatakiwa liwe tupu. Ukikuta bado gumu kama udongo uliokandwa, majani simamisha, mpe maji na stata iliyoloweshwa, umtenge, ulikande gole taratibu kwa vidole. Lisipolegea siku ya pili muone mtaalamu wa mifugo.

Huyu wa kwangu, ngoja nimshike. Gole tupu, macho angavu, anang'ang'ania kurudi kwa wenzake. Namrudisha chini ya taa, nawawekea stata, na kile kifuniko nakiacha pale kona.