Kushusha Lori la Mahindi Ghalani Bila Mtu Kuumia

Karibuni ndugu zangu wa stoo, madereva, mataniboi, na ninyi mnaobeba magunia kwa kibarua cha siku. Leo tunashusha lori la mahindi lililotoka Masindi, hapa Kampala, tangu linapopiga honi getini hadi magunia yapangwe. Tazameni sana mikono na miguu ya hawa vijana, maana kuna mambo yanayoeleweka kwa kuonekana kuliko kusemwa. Tutakaa muda mrefu kwenye maandalizi, kwa sababu usalama wa kazi hii hupangwa kabla gunia la kwanza halijashuka.

Tuanze getini. Askari bado hajafungua. Anasoma namba ya gari, anailinganisha na hati ya mzigo, kisha analizunguka lori na kukagua turubai na mafundo ya kamba. Turubai likiwa limechanwa au fundo limefungwa upya, anapiga picha dereva akiwepo. Hilo linamlinda mwenye mali, na linamlinda dereva pia: gunia likikosekana, hasingiziwi mtu kwa maneno matupu. Kama ungekuwa mzigo wa kontena, angeishika sili, yaani kifungo chenye namba kinachofunga mlango wake, aivute kwa nguvu, na kuisoma namba yake kwa sauti huku karani akiifuata kwenye karatasi. Sili iliyokatwa na kugandishwa tena huonekana nzima mpaka uivute. Na kama ni mzigo wa kupita tu, umetoka Mombasa kupitia mpaka wa Malaba na unaelekea Kigali, mtaikuta sili ya kielektroniki ya forodha. Mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda zinafuatilia mizigo hiyo kwa mfumo mmoja tangu 2017. Hiyo msiiguse, hata mkiombwa kwa upole. Mwenye kuitoa ni afisa wa forodha.

Bado tuko getini: daftari la majina. Kila anayeingia anaandikwa, hata kibarua aliyechukuliwa barabarani asubuhi hii, pamoja na simu ya mtu wake wa nyumbani. Moto ukitokea, au rundo likianguka, swali la kwanza ni nani yuko ndani. Bila daftari mtabaki mnakisia huku mtu amefukiwa.

Sasa kundi lote linakusanyika hapa kivulini, dakika tano tu. Tazameni: kuna Mwacholi, Mgisu, Mkongo, na dereva ni mtu wa Mombasa. Wanakubaliana sauti moja ya kusimamisha kazi. Hapa tunasema "Simama!" Yeyote anaweza kuipiga, hata aliyeanza kazi leo, na ikisikika kila mtu anabaki alipo na injini inazimwa. Msimamizi, nakuomba sana: kijana akisimamisha kazi kumbe hakukuwa na hatari, mshukuru mbele ya wenzake. Ukimkaripia, kesho atakaa kimya.

Hatua inayofuata ni kuliweka lori mahali pake. Anayeliongoza kurudi nyuma ni mtu mmoja, na anasimama pembeni anapoonekana kwenye kioo cha dereva. Akipotea kwenye kioo, dereva anasimama. Asiwepo mtu kati ya lori na ukuta, hata wa kupita mbio. Lori likishatulia: breki ya mkono, injini kuzimwa, kabari chini ya magurudumu mbele na nyuma, na funguo anapewa mzee wa stoo. Kaka dereva, usione tunakudharau. Tunaogopa lori lisogee mita moja tu huku mtu yuko kwenye ubao na gunia begani.

Hapa ndipo haraka inapoponza watu. Kwenye safari magunia yamehama, mengine yanaegemea turubai au mlango wa nyuma. Basi kamba hazikatwi zote kwa mpigo. Fungua moja, simama pembeni, tazama kama turubai linavimba. Mlango wa nyuma unafunguliwa upande mmoja kwanza, na anayefungua anasimama nyuma ya ule mlango unaofunguka, si mbele ya uwazi. Wengine wote wakae mbali mpaka aseme magunia yametulia. Gunia la kilo 100 likidondoka kutoka juu ya lori, linavunja shingo.

Ubao wa kupandia. Ugeuze, ukague pande zote mbili: ufa, fundo la mti, misumari. Uwe mpana wa kutosha miguu yote miwili, na ufungwe kwa kamba juu usiteleze. Njia nzima, kutoka lorini hadi rundo linapojengwa, ifagiliwe. Punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji zinateleza kama gololi, na mwenye gunia begani haoni anapokanyaga. Kwa hiyo tunaweka mtu mmoja wa ufagio, anayelipwa sawa na wabebaji, na hana kazi nyingine yoyote. Viatu vifungwe, visiwe ndala. Barakoa ya vumbi na fulana ya kung'aa ni wajibu wa mwajiri kuvitoa.

Sasa tufike kwenye gunia lenyewe, na hapa nitasema wazi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mtu mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia letu la mahindi mara nyingi ni kilo 100, na vijana wanalibeba peke yao siku nzima. Uti wa mgongo haujali kama wewe ni kijana wa miaka 20 mwenye nguvu. Disiki, zile nyama laini kati ya pingili za mgongo, zinaumia kidogo kidogo, na maumivu huja miaka baadaye, wakati yule uliyembebea alishakusahau. Wenye maghala, ombeni wasambazaji wenu wafungashe kilo 50. Kahawa tunaisafirisha nje kwa magunia ya kilo 60 na biashara haijafa.

Mpaka hilo litimie, fanyeni hivi. Toroli likiwepo, litumike kila sakafu inaporuhusu. Gunia la kilo 100 linainuliwa na watu wawili, wanalihesabia pamoja, na kumwekea mbebaji begani. Mbebaji anajiandaa kabla: miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umenyooka. Anapotaka kugeuka anageuka kwa miguu. Tazameni huyu, anakosea: miguu imebaki pale pale na kiuno kinapinda chini ya mzigo. Hapo ndipo mgongo unapokatika. Sasa anarudia vizuri. Mnaona tofauti? Wabadilishane zamu, anayebeba aende kwenye kuinua, na maji ya kunywa yawe karibu, si kule ofisini.

Halafu malipo. Mkimlipa mtu kwa kila gunia peke yake, mmemwambia akimbie. Lipeni kundi zima kwa lori, au kwa siku, na mtaona wanavyongojana kwenye ubao.

Kupanga rundo. Chini kunawekwa paleti, yaani jukwaa la mbao, gunia lisiguse saruji, kwa sababu unyevu hupanda. Acheni nafasi ya kupita mtu kati ya rundo na ukuta, ili muweze kukagua na hewa ipite. Safu ya kwanza imelala hivi, ya pili inakingamana nayo, ili magunia yafungane. Magunia haya ya plastiki ya kusuka yanateleza kuliko yale ya katani, kwa hiyo rundo lake lisipande juu sana, na kila tabaka chache lirudishwe ndani kidogo. Kabla ya kupanga, karani apime unyevu wa mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka usizidi asilimia 13.5. Mahindi mabichi huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ile ambayo Machi 2021 iliifanya Kenya kusimamisha mahindi yetu mpakani, na vumbi lake si zuri kwa pafu lako pia.

Rundo likiinama, msilisukume kwa mikono wala kulikinga kwa mti. Ondokeni, zuieni njia, kisha livunjwe kutoka juu. Na kamwe asichomoe mtu gunia la chini kwa sababu "ndilo lililo karibu".

Kwa wenye foko, lile gari la kuinulia mizigo: uma wake ubaki kama sentimita 15 au 20 kutoka chini gari likitembea, asipande mtu juu yake, na njia yake itengwe na ya waendao kwa miguu.

Sasa jambo linaloniumiza moyo kuliko yote: dawa ya vidonge, alumini fosfidi, tunayowekea wadudu. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua panya na wadudu, na inamuua mtu vile vile. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mara nyingi inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini kutosikia harufu si uthibitisho kwamba haipo. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote.

Basi: kazi hii inafanywa na mtu aliyefunzwa. Rundo linafunikwa kwa turubai lisilopitisha hewa, milango inafungwa, alama ya hatari inabandikwa yenye tarehe ya kufungwa na ya kufunguliwa. Muda ni siku, wala si saa, kama lebo inavyosema. Na askari wa usiku asilale ndani ya ghala hilo, wala kwenye chumba kinachopakana nalo, hata mvua ikinyesha kiasi gani. Mjengeeni kibanda mbali. Siku ya kufungua, milango inaachwa wazi kwanza, kisha kipimo cha gesi kinasomwa kabla mtu hajaingia. Mabaki ya vidonge yasimwagiwe maji, yanaweza kuwaka.

Mwenzenu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kifua kubana au kizunguzungu akiwa karibu na ghala lililowekwa dawa, mtoeni kwenye hewa safi. Akiwa ameanguka ndani, msimkimbilie bila kifaa cha kupumulia. Waokoaji hufa pamoja na yule waliyemfuata. Pigeni 999 au 112. Msimpe maziwa mkidhani yanaua sumu, mpelekeni hospitali na lebo ya dawa mkononi. Hata akisema amepata nafuu, apelekwe. Maji yanaweza kujaa kwenye mapafu saa kadhaa baadaye.

Tumalizie na karatasi. Mtu akiumia, hata mgongo tu, iandikwe siku hiyo hiyo: saa, mahali, alikuwa anafanya nini, nani aliona. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari, na fidia ya kuumia kazini ina sheria yake. Lakini afisa wa kazi wa wilaya ataanza kwa kukuuliza umeandika nini. Pigeni picha ukurasa huo wa daftari, pamoja na karatasi ya hospitali, na mzitume kwa mtu wa nyumbani kabla hamjatoka getini.