Mtoto amepata 8, hizo 2 zimeenda wapi?

Haya mama zangu, na wewe baba pale kwa mlango asante kwa kuja, wale wa nyuma songeni mbele hiyo feni inanishinda sauti. Nianze na baba mmoja, si wa hapa Kondele msianze kuangaliana, bibi yake alijifungua usiku, asubuhi akanifuata hadi leba na kijitabu cha klinik mkononi: "Sista, mtoto wangu amepewa 8 kwa 10, hizo 2 alikosa wapi?" Kumbe mzee ni mwalimu. Nikamwambia Mwalimu, hapa hakuna namba wani.

Hizo maki zinaitwa Apgar, ni jina la daktari wa Marekani, Virginia Apgar, kazi yake ilikuwa kulaza wagonjwa usingizi kwa operesheni, akaleta hii hesabu 1952 juu alitaka mtoto aangaliwe vizuri mara tu anapotoka, si kila mtu macho kwa mama peke yake. Tunaangalia moyo, pumzi, nguvu ya mwili, vile anajibu akiguswa, na rangi, kila moja ni 0, 1 ama 2. Tunapima dakika ya kwanza na ya 5, na ikiwa bado hajafika 7 tunarudia kila dakika 5 hadi ya 20.

Mimi naamini moyo kuliko zote. Unashika kitovu pale kinatokea kwa tumbo, vidole viwili tu, unasikia tu-tu-tu, hesabu sekunde 6 uzidishe kwa 10, ikipita 100 hapo amepata 2 zake. Rangi ndiyo hudanganya watu, hasa kwa watoto wetu weusi, usiangalie ngozi ya mgongo, mfungue mdomo uone ulimi na midomo.

Lakini nisikizeni hapa: hatungoji maki ndio tusaidie mtoto. Kuna studenti mmoja, mtoto ametoka amelegea kama leso imeloweshwa, yeye anaangalia saa ya ukuta eti dakika iishe aandike! Nilimsukuma kando. Taulo kavu, mpanguse, msugue mgongo, akikataa kupumua chukua maski na ule mfuko wa hewa umpulizie kabla hiyo dakika iishe, kuandika baadaye. Huyo alianza na 3, dakika ya 5 akawa na 8, na mamake hajui hata nilikuwa natetemeka.

Na hapana, hazisemi kama atakuwa na akili darasani, hiyo ndiyo Mwalimu alikuwa anaogopa. Wake alikosa 1 kwa kukunja uso tu badala ya kulia akiguswa, na 1 ya mikono na miguu kuwa bluu-bluu, kitu karibu kila mtoto mzima hutoka nayo. Nikamwonyesha ile ya dakika ya 5, hakuwa ameiona, 9. Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo moja?"

Vidole vya miguu, Mwalimu.

Akaenda kufunua shuka aviangalie mwenyewe.