Msimlaumu Mjukuu wa Louis

Mlionisikia mwaka jana mnajua naelekea wapi, basi vumilieni. Kila nikizungumzia makombe ya zamani, husimama mtu akauliza kwa uchungu: familia inauzaje kombe la babu yao? Leo namjibu kabla hajasimama.

Spyridon Louis alikuwa mchuuzi wa maji wa Marousi, karibu na Athens. Tarehe 10 Aprili 1896 alishinda marathoni ya kwanza ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 58 na sekunde 50. Akapewa medali ya fedha (ndiyo, ya fedha, dhahabu ilikuwa bado) pamoja na kikombe alichokiahidi Michel Bréal, Mfaransa aliyebuni mbio zenyewe. Kikombe chenyewe kidogo, kimo sentimita 15, kimenakshiwa ndege na mimea ya kinamasi. Kiweke kabatini kando ya birika, mgeni atakunywa chai yake aondoke bila kukiona.

Inasimuliwa kwamba mfalme alipomuuliza anataka nini, Louis aliomba mkokoteni na punda wa kubebea maji. Akarudi kijijini, hakushindana tena. Miaka ya 1920 akashtakiwa kughushi hati za kijeshi, akasota gerezani zaidi ya mwaka mmoja ndipo akaachiwa huru. Akafariki 1940. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaiteka Athens, watu wakafa njaa barabarani. Kikombe hakikuuzwa! Mjukuu wake ndiye aliyekiuza 2012, mnadani Christie's, London, kwa pauni 541,250.

"Si angekitoa bure kwa makumbusho?" Haya. Familia imekitunza miaka 116 bila kulipwa hata senti ya ulinzi, leo ndiyo tunajua ni urithi wa taifa? Wewe unayeuliza, kiwanja cha babu yako umekitoa bure kwa halmashauri? Na mnunuzi, Wakfu wa Stavros Niarchos, alikiweka hadharani watu wakitazame. Kimepotea wapi?

Jesse Owens, mwanariadha wa Marekani, nitamgusa tu. Medali yake moja ya dhahabu ya Olimpiki ya Berlin 1936 iliuzwa 2013 kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Mwenyewe, baada ya Berlin, alishindana mbio na farasi ili apate riziki.

Nilikusudia kumalizia na medali mbili za fedha za Olimpiki ya Moscow 1980, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, wanariadha wa Tanzania. Watanzania mliomo humu, nani amewahi kuziona kwa macho? Nyoosheni mikono. Mwenyekiti, naiona saa, usinipungie. Wahesabu kwanza.